Bega, wavu wa dagaa na sindano ya damu yako mwenyewe: majibu kwa wasomaji wa Kigoma

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni mvuvi wa dagaa hapa Kibirizi, Kigoma, nina miaka 46. Bega la kulia linanisumbua tangu masika yaliyopita, nikiinua mkono kuvuta wavu linachoma kwelikweli, na usiku nikililalia ndo balaa, silali. Nimemeza diklofenaki mpaka tumbo limeanza kuwaka moto. Sasa shemeji yangu yuko Dar kanitumia voisi anasema kuna kliniki wanachukua damu yako, wanaisafisha, wanakuchoma begani na bega linakuwa jipya, laki tano kwa sindano na wanataka nichome tatu. Wana na ya seli shina ila hiyo ni mamilioni. Nimefikiria niuze injini ya mtumbwi. Niende?

JIBU: Marahaba ndugu yangu, na pole sana. Injini usiuze kwanza, tuelewane.

Hiyo sindano ya damu ipo kweli na inaitwa PRP, sio uganga, ila damu haisafishwi kama alivyokwambia shemeji. Wanakutoa damu mkononi kidogo tu, wanaitia kwenye chupa ndogo na kuizungusha kwa kasi kwenye mashine. Ikitoka hapo utaona yenyewe imejigawa, nyekundu imekaa chini, katikati kuna utando mwembamba mweupe, juu maji ya njano. Kwenye hayo maji karibu na ule utando ndo kuna chembe sahani, zile zinazogandisha damu ukijikata na kisu, na ndani yake zina kemikali za kuamsha uponaji wa kidonda. Basi wanavuta ile sehemu yenye chembe nyingi, mililita chache, wanakuchoma kwenye kano iliyoumia, yaani ile kamba inayounganisha msuli na mfupa, na kwa kawaida daktari anaangalia kwa altrasaundi ili sindano ifike penyewe.

Kwa nini begani? Bega linashikwa na kano nne zinazolizunguka, na ile ya juu inapita kwenye uwazi mdogo chini ya mfupa wa bega, kila ukiinua mkono inabanwa, na damu inayofika pale ni kidogo kwa hiyo ikichakaa inapona polepole mno. Kano ni kama kamba ya nanga, haikatiki siku moja, inaanza kuchomoka nyuzi moja moja. Watu wakawaza, kama damu haifiki basi tuipeleke wenyewe. Wazo zuri kabisa, na mimi nalipenda.

Tatizo ni pale walipolipima. Mwaka 2013 madaktari wa Uturuki walichukua watu 40 wenye kano za bega zilizochakaa, nusu wakachomwa PRP na nusu maji ya chumvi tu, wote wakafanyishwa mazoezi, na baada ya mwaka mzima makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu sawasawa. Zipo tafiti nyingine zinaonyesha PRP inasaidia kidogo, hasa ukiilinganisha na sindano ya steroidi, ile dawa ya kutuliza uvimbe, baada ya miezi kadhaa, lakini kila kliniki inaitengeneza kivyake, huyu chembe nyingi yule chache, kwa hiyo hata kulinganisha ni kazi. Mtu akikwambia bega linakuwa jipya anakuuzia maneno. Na kama kano imekatika kabisa, sindano haiwezi kuirudisha kwenye mfupa, hapo ni mambo ya daktari bingwa wa mifupa.

Ya seli shina, yaani chembe changa za mwili zinazoweza kugeuka kuwa chembe za aina nyingine, nakuomba kabisa usiiguse. Mamlaka ya dawa ya Marekani, pamoja na hela yote waliyonayo kule, haijaidhinisha hata moja kwa ajili ya mabega wala magoti, na mwaka 2018 iliripotiwa kule watu 12 walilazwa hospitali wakiwa na maambukizi ya bakteria baada ya kuchomwa dawa za namna hiyo zilizotengenezwa kwa damu ya kitovu cha watoto wachanga. Mamilioni yako yabaki Kibirizi.

Sasa ufanye nini. Kwanza diklofenaki acha, tumbo likishaanza kuwaka sio la kuchezea, na ukiona choo cheusi kama lami kimbia hospitali siku hiyohiyo. Halafu nenda hospitali ya Maweni hapo Kigoma, daktari akushike bega kwa mikono yake. Kuna kitu kidogo ataangalia ambacho kinasema mengi: wewe mwenyewe ukishindwa kuinua mkono lakini yeye akikuinulia unakwenda, kano huenda imechanika, na kama hata yeye akiuinua hauendi, bega limeganda, ugonjwa mwingine huo. Eksirei itaonyesha mifupa, kano haionekani humo, kwa hiyo ukiambiwa picha ni safi usidhani wanakuona muongo. Na kama uliwahi kuanguka au kuvutwa na wavu ghafla na tangu siku hiyo mkono hauinuki, usisubiri, kano iliyokatika ikikaa sana misuli inasinyaa na kuishona inakuwa ngumu.

Kama haijakatika, dawa ni mazoezi, na najua yanachosha kusikia maana hayana sindano wala mashine. Chukua mpira wa ndani wa baiskeli, kata utepe mrefu, funga kwenye nguzo usawa wa kiwiko. Kunja taulo uibane kati ya kiwiko na mbavu, kisha vuta mpira taratibu kwenda nje, kiwiko kisitoke kwenye mbavu, rudisha polepole zaidi ya ulivyovuta. Mara kumi, pumzika, rudia mara mbili tena. Kuuma kidogo sio shida, lakini kama mpaka kesho yake asubuhi maumivu yamezidi ujue umevuta sana, punguza. Anza wakati wa mbalamwezi mkiwa mmepaki mitumbwi, bega linakuwa halina kazi nyingine. Hesabu wiki kumi na mbili ndo uanze kulihukumu. Ukirudi ziwani muombe mwenzako mbadilishane nafasi, usivute juu ya kichwa usiku kucha peke yako.

Ukifanya hivyo miezi mitatu minne na hali ni ileile, na una hela ya ziada, PRP unaweza kujaribu moja, si tatu za kulipia mbele. Uulize kabisa wanaangalia kwa altrasaundi au wanabahatisha. Na ujue siku za mwanzo litauma zaidi, na dawa za aina ya diklofenaki watakukataza.

SWALI: Mimi ni mama wa Ujiji, nakamua mawese, nina kisukari. Bega limekakamaa hata kufunga khanga siwezi. Nimeambiwa sindano ya steroidi. Ni salama?

JIBU: Mama yangu, shikamoo. Hilo kwa maelezo yako linafanana na bega lililoganda, na wenye kisukari linawapata sana. PRP wala usihangaike nayo. Steroidi inapunguza maumivu hasa ikichomwa mapema, lakini itapandisha sukari kwa siku kadhaa, kwa hiyo mwambie anayekuchoma kwamba una kisukari kabla hajashika sindano, na pima sukari asubuhi na jioni wiki nzima. Ikigoma kushuka, au ukakojoa sana na kiu isiyoisha, rudi kliniki ya kisukari siku hiyohiyo.