Vile visahani havilipiwi

Kaka, vile visahani vya vitoweo ulivyoletewa mgahawani Seoul, Korea Kusini, kabla chakula hakijafika havimo kwenye bili, we kula tu. Kimchi (ile kabichi iliyochachushwa yenye pilipili) ikiisha omba nyingine, bei haipandi. Kuna migahawa unajipakulia mwenyewe. Vijiko na vijiti mara nyingi vimo kwenye kidroo ubavuni mwa meza, ndiyo maana ulidhani wamekusahau. Ukimtaka mhudumu, bonyeza kitufe cha mezani. Bakshishi usiache, hawana desturi hiyo. Unalipa kaunta ukitoka. Ila nyama ya kuchomea mezani wengi wanaanzia oda ya watu wawili, na samgyeopsal ni nguruwe. Kama huli, ulizia bulgogi ya ng'ombe, nyama nyembamba iliyolowekwa kwenye sosi. Na ule mkasi ni wa kukatia nyama, usiushangae.