Kabla hujachora nota ya kwanza kwenye programu yako

Mzee anayetupigia kinanda aliitazama tableti kwa muda, akavua miwani, akaniuliza: "Mwanangu, doh ni F. Hii A shapu umeitoa wapi?"

Mwalimu wa kwaya alikuwa ameniomba niushushe wimbo kutoka G hadi F, maana soprano walikuwa wanakabwa kule juu. Kwenye programu ya nota niliyoiandika mwenyewe, nikabonyeza kitufe nilichokuwa najivunia wiki nzima. Programu ikashusha kila nota nusu toni mbili, na ile C, ambayo ndiyo fa (nota ya nne) G ikiwa doh, ikageuka A shapu. Sikio halikulalamika, kwa sababu shapu hupandisha nota nusu toni na flati huishusha nusu toni, hivyo kwenye kinanda A shapu na B flati ni kibao kimoja. Aliyelalamika ni msomaji. Katika F, fa ni B flati, na mpiga kinanda aliyezoea hivyo akikutana na A shapu kidole chake kinasita.

Kosa lilikuwa langu, tena la siku ya kwanza kabisa. Nilihifadhi kila nota kama namba ya MIDI. Mfumo huo uliotoka mwaka 1983 ulibuniwa ili vinanda viweze kuwasiliana. Unajua kibao namba 70 kimebonyezwa, basi. Jina la kibao hicho kwenye wimbo huu haliuhusu. Kwa hiyo, kama unataka kuweka nota kwenye programu yako, hifadhi vitu vitatu mbalimbali: herufi ya nota, shapu au flati yake, na oktava. Namba ya MIDI utaikokotoa wakati wa kupiga sauti. Kutoka jina kwenda namba ni hesabu ya mstari mmoja, ila kutoka namba kurudi kwenye jina ni kubahatisha.

Na usihifadhi mahali nota ilipokaa kwenye ile mistari mitano. Hilo nalo nililifanya. Tenor wakiandikiwa kwa ufunguo wa G (ile alama iliyo mwanzoni mwa mistari), chini ya ufunguo huwekwa 8 ndogo, maana yake sauti ishuke oktava moja. Programu yangu ilisoma mstari, haikuiona ile 8. Siku ya majaribio tenor wakasikika wakiimba juu ya soprano, na wanakwaya walicheka hadi mazoezi yakaahirishwa.

Muda wa nota uweke kwa namba kamili, kamwe usiuweke kwa desimali. Mimi naigawa nota ya robo katika vipande 480, kwa kuwa 480 hugawanyika kwa 2, 3, 4, 5 na 8 bila baki. Ukiandika theluthi kama 0.333, baa tatu mbele mapigo hayalingani tena, na utatafuta kosa hilo usiku kucha.

Sasa kuchora. Nilipoteza miezi mitatu nikichora mwenyewe. Vichwa vya nota ni rahisi, vinakudanganya kwamba umekaribia kumaliza. Kisha yanakuja yale mengine: mkia unaelekea chini nota ikifika mstari wa kati au kuupita, vijiti vinavyounganisha nota za moja ya nane vina mteremko wake, shapu mbili kwenye kodi moja (nota zinazopigwa pamoja) zinagongana, na nusu inahitaji nafasi kubwa kuliko robo lakini si mara mbili. Ukishapanga vizuri, neno refu chini ya nota linasukuma kila kitu upya. Wako watu waliofanya kazi hii miaka na miaka, tumia maktaba zao, yaani msimbo walioutengeneza tayari. VexFlow inafaa ukitaka kuchora baa chache unazozitawala mwenyewe, kwa mfano katika mchezo wa kufundisha watoto. OpenSheetMusicDisplay imejengwa juu yake na inasoma faili za MusicXML, muundo wa kubadilishana nota kati ya programu. Mimi nimetulia kwa Verovio, iliyoanzia RISM ya Uswisi (shirika la kuorodhesha vyanzo vya muziki), kwa sababu naikabidhi faili nzima na yenyewe inapanga kurasa. Lakini soma leseni: ya VexFlow ni MIT, ya Verovio ni LGPL, na masharti yake hayafanani. Kwa fonti ya alama za muziki chukua Bravura, ni huru.

Programu yako ijue kusoma na kuandika MusicXML. Agosti 2024 watengenezaji wa Finale, programu ya kuandikia nota, walitangaza kusitisha kuiendeleza, na kama mwalimu wako ana nyimbo zilizolala humo, mwambie azitoe kwa MusicXML akiwa bado na kompyuta inayozifungua.

Lakini nikikuta mtu anaanza leo, swali langu la kwanza ni: watumiaji wako wanasoma nini? Mimi niliuliza baada ya mwaka. Wengi wa kwaya yetu wanasoma solfa, yaani doh, re, mi zinazoandikwa kwa herufi, ile ya Sarah Glover na John Curwen wa Uingereza ya karne ya 19. Maktaba nilizotumia hazikunisaidia hapo, ikabidi niandike mwenyewe, na safari hii ilikuwa sawa kufanya hivyo kwa sababu solfa ni maandishi. Niliifanya jedwali: kila pigo safu moja yenye upana ule ule, nukta mbili katikati ya mapigo, nukta moja kwa nusu pigo, mkato kwa robo pigo. Wimbo ukihama doh katikati ndipo kazi inapoanza, na hapo nimemwachia mwalimu aweke alama mwenyewe.

Jambo ambalo hakuna maktaba ya kigeni itakayokufikiria ni silabi zetu. Nilidhani nitaandika kanuni ya kukata maneno, nikaishia kwenye neno "mbuni". Akiwa ndege, ni mbu-ni, nota mbili. Ukiwa mti wa kahawa, ni m-bu-ni, nota tatu. Tahajia ni moja. "Mtoto" anataka nota ya m peke yake, "ndugu" hataki nota ya n. Sasa programu inapendekeza tu, na mwandishi anahamisha kistari kwa kidole. Pia ruhusu silabi mbili chini ya nota moja, maana waimbaji wetu wakiimba "na uhai" hubana "na u" pamoja, na MusicXML ina alama ya jambo hilo.

Ule wimbo wa F niliurekebisha baada ya wiki mbili. Wanakwaya wenyewe hawakuwa wameona tatizo lolote, kwa kuwa kwenye karatasi yao ya solfa kilichobadilika ni herufi moja tu pale juu.