Santuri ya Monk na Coltrane Inayokatika Mwishoni

SWALI: Ndugu Mhariri, dada yangu anayeishi Ujerumani ameniletea santuri mpya ya mpiga piano wa jazi Thelonious Monk na wenzake watatu, akiwemo mpiga saksofoni John Coltrane, iliyorekodiwa katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York, mwaka 1957. Spika zote mbili zinatoa sauti ileile, na wimbo wa mwisho unakatika kabla haujaisha. Tena jalada lina karatasi inayosema ni toleo la marudio, ilhali nimetafuta santuri ya zamani ya onyesho hilo nisiipate. Je, tumeuziwa bandia? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu msomaji, ondoa shaka. Hayo mawili unayoyasikia yamo katika kanda yenyewe, na nakala yoyote halali ya onyesho hilo ingekuwa nayo.

Onyesho lilirekodiwa na Sauti ya Amerika usiku wa tarehe 29 Novemba 1957, katika tamasha la kuchangia kituo cha jamii cha Morningside, Harlem, na sauti zote zilipitishwa katika njia moja, yaani mono, kwa kuwa santuri za stirio zilikuwa bado hazijaenea madukani. Spika zako zinapaswa kulingana. Ikitokea moja inafifia, kagua waya na sindano kabla ya kuilaumu santuri. Kaa katikati ya spika na utasikia matoazi ya mpiga ngoma Shadow Wilson yakilia wazi nyuma ya piano, kwa usafi ulio nadra katika rekodi za jukwaani za miaka ile.

Santuri ya mwaka 1957 hukuipata kwa sababu haikuwahi kutengenezwa. Kanda hizo zilikaa karibu nusu karne katika Maktaba ya Bunge la Marekani, mpaka mapema mwaka 2005, ambapo Larry Appelbaum, mtaalamu wa maktaba hiyo, alizikuta wakati kanda za zamani zikihamishiwa katika mfumo wa kidijitali. Kampuni ya santuri ya Blue Note ilizitoa Septemba mwaka huohuo, na toleo hilo ndilo linalorudiwa sasa. Mtu akikuletea "santuri halisi ya mwaka 1957" ya onyesho hili kwa bei ya juu, usimpe hata senti.

Furaha iliyozuka kanda zilipopatikana ina sababu. Mwaka ule Monk alikuwa amerudishiwa kibali cha kupiga muziki katika vilabu vya New York, alichonyang'anywa mwaka 1951, na Coltrane alikuwa ameachishwa kazi na mpiga tarumbeta Miles Davis, kisha akaachana na heroini. Walipiga pamoja kwa miezi kadhaa katika klabu ya Five Spot, lakini studio wakiwa wanne walirekodi nyimbo tatu tu, hivyo wapenzi wa jazi waliishi kwa masimulizi ya waliobahatika kuwaona. Sikiliza "Monk's Mood" inayofungua onyesho: Monk anaigusa piano kwa kusita, anaacha nafasi, na saksofoni ya Coltrane inaimimina sauti katika nafasi hiyo bila kumwahi mwenzake. Kwetu sisi, hapo peke yake panatosha kuhalalisha bei ya santuri. Wewe uliyekulia mwambao utapenda pia kujua kwamba mpiga besi, Ahmed Abdul-Malik, alikuwa mpiga udi, chombo kilekile cha taarabu, na mwaka uliofuata alikirekodi pamoja na jazi.

Zimebaki nyimbo tisa, tano za onyesho la kwanza na nne za onyesho la pili la usiku huohuo. Huo unaokatika ni "Epistrophy", na matoleo rasmi yenyewe yanautaja kuwa haujakamilika. Mtayarishaji angeweza kuuacha nje ili santuri imalizike vizuri; tunashukuru kwamba aliubakiza. Uulinganishe na "Epistrophy" kamili inayofunga onyesho la kwanza, na usikilize jinsi wanaume hao wanne walivyoupiga tofauti saa chache baadaye.