Kabla Hujamnunulia Dawa Mama Anayelala Barazani

Nimeuza dawa Kariakoo, Dar es Salaam, miaka mingi. Msamaria anayenitia wasiwasi ni yule anayeingia mbio, anataja "kifua cha mtoto", analipia chupa ya amoksilini na kwenda kumkabidhi mama aliyeketi barazani. Moyo anao, ila hajauliza dawa hiyo italala wapi.

Ile ya chupa huja ikiwa unga. Inataka maji yaliyochemshwa yakapoa, inataka kivuli, na ikishachanganywa ni siku 7 tu. Mama huyu hana jiko, na mgambo wakipita alfajiri mzigo wote unaweza kuondoka, chupa ikiwa ndani. Ulizia vidonge vya kuyeyusha vya dawa hiyohiyo, vya miligramu 250. Hukaa vikavu kwenye karatasi yake, vinafungika pindoni mwa kanga, na huyeyuka kwenye kijiko cha maji safi au cha maziwa ya mama mwenyewe. Lakini kwanza mtoto aonwe zahanati, maana anayehema mbio huku mbavu zinabonyea si mgonjwa wa dukani kwangu.

Mseto wa malaria ni dozi 6 kwa siku 3, na hufanya kazi vizuri ukimezwa na chakula chenye mafuta. Basi nunua na chapati. Kwa mtoto anayeharisha, pakiti ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) iende na chupa ya maji ya lita 1, na yakibaki baada ya saa 24 yamwagwe. Zinki ni siku 10 hadi 14 hata choo kikishakaza. Hapo ndipo wengi huachia njiani.

Kisera, mjamzito na mtoto chini ya miaka 5 hutibiwa bure vituo vya serikali. Dirishani jibu huwa "dawa hakuna, kanunue." Mtafute afisa ustawi wa jamii, anayeshughulikia msamaha wa malipo, kabla ya kufika kwa mhasibu. Akidai barua ya serikali ya mtaa (mtaa upi, jamani?), usiondoke. Mama akiwa na mtu wa kumsemea, lugha hubadilika.

ARV (dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI) na dawa za kifua kikuu ni bure. Tatizo la ARV ni kelele: kopo likitikisika, baraza zima linajua, kwa hiyo wengine huvihamishia vidonge kwenye kitambaa, vikapata unyevu. Usimgombeze. Mpe pamba ajaze nafasi iliyobaki ndani ya kopo.