Tokeni za umeme zinaisha haraka Julai? Anza bafuni

Kama ni Nairobi na baridi ya Julai, mshukiwa wa kwanza ni maji ya kuoga, si taa. Shawa ya umeme ya kilowati 5 hula uniti 0.83 kwa dakika 10. Watu wanne kila siku: takriban uniti 100 kwa mwezi! Ogeni dakika 5, nusu inabaki mfukoni.

Mwenye tangi la umeme la kupasha maji la lita 50 asiliache likiwaka kutwa. Kutoka nyuzi 15 hadi 60 linahitaji uniti 2.6 hivi, elementi (chuma kinachopasha maji ndani yake) ya kilowati 3 humaliza ndani ya saa moja. Maji ya kisima yenye chumvi nyingi huigandisha chumvi hiyo kwenye elementi, na ikiganda sana elementi huungua. Fundi aikwangue kila mwaka, swichi kuu ikiwa imezimwa.