Kwa anayeanza kusoma vyombo vya udongo vya Athens

Wengi wakianza somo hili hukimbilia picha. Wakimwona Herakles na simba, wanajaza kurasa tatu za hadithi, na chombo chenyewe hawajakisemea neno. Anza na kazi yake: kiliwekwa maji, divai au mafuta? Nani alikishika, na mbele ya nani?

Chukua kiliksi, kikombe kipana cha divai chenye mguu na mikono miwili. Kimoja cha Exekias, mfinyanzi na mchoraji wa Athens, cha karibu mwaka 530 KK, kiko Munich, Ujerumani. Nje kimechorwa macho makubwa. Ndani Dionysos, mungu wa divai, amejilaza kwenye mashua, mzabibu umepanda mlingoti. Divai ikipungua, mungu anajitokeza. Mnywaji akikiinua, wenzake hawaoni tena uso wake, wanatazamwa na macho yale, na mikono ya kikombe imekaa mahali pa masikio. Ni mzaha wa wanaume waliojinyoosha kwenye vitanda vya karamu, ambako wake zao hawakukaribishwa. Ukikitazama kitabuni, kimepigwa picha kutoka juu, mzaha wote unakupita.

Halafu usiifanye picha kuwa shahidi. Kuna mitungi ya maji, hidria, inayoonyesha wanawake wakiteka kwenye mabomba ya mji. Je, ni wake wa raia, au watumwa? Wataalamu bado wanabishana, na mwanafunzi anayeandika “hivi ndivyo wanawake wa Athens walivyoishi” amejibu swali ambalo mchoraji hakuulizwa.

Maandishi nayo yasome. Mchoraji Euthymides aliandika kwenye mtungi wake maneno ya kujigamba dhidi ya mchoraji mwenzake: “kama Euphronios hakuwahi kamwe”, yaani Euphronios hajawahi kuchora hivi. Mafundi hawa walijuana, walitaniana, na walijua kuandika. Mimi hujifunza zaidi kwenye mstari huo kuliko kwenye mashujaa kumi.

Uliza pia kilipatikana wapi. Vyombo vingi vizuri vya Athens vilitoka kwenye makaburi ya Waetruski, watu wa kale wa huko Italia, kwa hiyo mwenye kuvimiliki mwisho hakuwa Mgiriki. Krateri ya Euphronios, chombo kikubwa cha kuchanganyia divai na maji, ilinunuliwa na jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, mwaka 1972 kwa kama dola milioni 1, ikarudishwa Italia mwaka 2008. Chombo kimerudi, lakini waliolichimba kaburi kwa wizi hawakuandika kililala karibu na nini. Hayo hayarudi.

Na ukifika kwenye lekitho nyeupe, chupa za mafuta zilizowekwa makaburini, usiishie kwenye michoro ya waombolezaji. Tafuta picha ya eksirei au mchoro wa mkato. Baadhi ya zile kubwa zina kikombe kidogo kilichofichwa chini ya shingo: mafuta kidogo tu yalitosha chupa ionekane imejaa. Aliyekuwa akipita kaburini aliona ukarimu. Aliyelipa alijua bei.