Soketi ya kando ya sinki na zile miliampea 30

Swali huulizwa kila mtu anapojenga Kiamunyi, Nakuru, au Mamboleo, Kisumu: soketi ikae umbali gani kutoka kwenye sinki? Ni swali zuri, ila si la kwanza. La kwanza ni hili: soketi hiyo inalindwa na nini?

Wengi watajibu kwamba breka ipo. Haya, tupige hesabu. Stima yetu Kenya ni volti 240. Mtu mwenye mikono iliyolowa, amesimama peku juu ya saruji, mwili wake unaweza kuwa na ukinzani wa omu 1000 hivi. Gawanya, utapata miliampea 240, yaani robo ya ampea. Breka ya soketi ni ya ampea 32, fyuzi ya plagi ni ya 13. Robo ya ampea haziioni kabisa, na moyo wa mtu unaweza kusimama huku taa zikiendelea kuwaka.

Kinachoiona ni RCD, swichi ya usalama inayokata stima ikivuja, ambayo mafundi wengi bado huiita ELCB. Hulinganisha stima inayokwenda kwa laivu na ile inayorudi kwa nyutro. Ikikosekana miliampea 30 hukata ndani ya sekunde 0.3, na upungufu ukifika miliampea 150, ndani ya sekunde 0.04. Haimsaidii anayeshika laivu kwa mkono mmoja na nyutro kwa mwingine, kwa kuwa kwa RCD huyo ni mzigo kama balbu.

Dukani usidanganywe na namba kubwa ya 40A au 63A. Huo ni uwezo wa kubeba mzigo. Tafuta 30mA au 0.03A. Za 100mA na 300mA ni za kuzuia moto zaidi kuliko kuokoa mtu. Kama jikoni mna jiko la induksheni au mashine ya kufulia ya kisasa, chukua RCD ya aina ya A badala ya aina ya AC. Mpangaji asiyeruhusiwa kugusa kisanduku cha breka anaweza kutumia adapta ya kuchomeka yenye RCD ndani yake, mradi ajue inalinda kilichochomekwa hapo tu.

Sasa umbali. Mwongozo wa Uingereza, ambao mafundi wetu huufuata, ni angalau sentimita 30 kutoka ukingo wa sinki kwa mlalo. Zile futi 6 za Marekani kutoka kwenye sinki zinazosambaa mtandaoni si eneo la marufuku: ni eneo ambalo ndani yake soketi lazima iwe na kinga ya kukata kwenye miliampea 4 hadi 6. Na soketi zao usiagize, ni za volti 120. Kwetu sisi sentimita 30 ni chache. Pakiwa na nafasi weka mita 1, na iwe sentimita 15 juu ya kaunta. Chini ya sinki, kando ya bomba la maji machafu, usiweke kabisa.

Bomba la kupasha maji papo hapo lina kesi yake. La wati 3000 huvuta ampea 12.5, na plagi ya 13 ikibebeshwa hivyo kila siku huungua polepole. Lipe laini yake ya waya wa milimita mraba 2.5, breka ya ampea 20 na swichi inayokata laivu na nyutro pamoja, yote ipitie RCD.

Bila ethi, yaani waya unaopeleka ardhini stima inayovuja, RCD hufanya kazi, lakini husubiri mwili wako uwe njia ya stima. Ethi ikiwepo, birika bovu hukata likichomekwa tu. Udongo mweusi wa Kano, karibu na Kisumu, hupasuka kiangazi na kuachana na fimbo ya ethi iliyochomekwa ardhini. Majivu ya volkano ya Nakuru hukauka. Kwa hiyo pima ukinzani wa ethi Januari au Februari, si wakati wa masika. Ukizidi omu 200, ongeza fimbo ya pili, na umbali kati yake usipungue urefu wa fimbo yenyewe.

Kosa baya kuliko yote huja RCD inapokata mara kwa mara: fundi anaitwa, anaitoa, anaunganisha waya moja kwa moja, analipwa na kushukuriwa. Badala yake chomoa kila kitu. Kuzima swichi hakutoshi, maana nyingi hukata laivu peke yake na hitilafu ya nyutro hubaki. Washa RCD, kisha chomeka kimoja kimoja. Anza na birika na friji. Ikikata hata pasipo kitu, kosa liko kwenye waya: nyutro ya taa imechanganywa na ya soketi, nyutro inagusa ethi ndani ya boksi, au kuna unyevu. Hapo aje fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati Kenya, apime insulesheni (ganda la waya linalozuia stima kuvuja) kwa volti 500. Chini ya megaomu 1, laini hiyo haifai.

Kitufe cha T kwenye RCD kibonyeze kila miezi 3, stima ikiwepo. Hakipimi ethi, hupima kama mtambo wenyewe unaruka, yaani unakata stima. Usiporuka, soketi za jikoni zisitumike mpaka ubadilishwe.